Kuhakiki machapisho ya daktari mtafiti wa upasuaji na saratani: namba hazilingani

mjumbe_wa_jopo
Wakuu, napitia wasifu wa daktari bingwa wa upasuaji anayeomba kusimamia utafiti wa saratani. Orodha yake ina machapisho 180. PubMed inanipa 64, Google Scholar inanipa 240. Nishike ipi, na zaidi ya idadi niangalie nini?

mkutubi_tiba
Usishike yoyote kwanza. Hizo ni kanzidata tofauti zinazohesabu vitu tofauti. Google Scholar hubeba tasnifu, ikisiri za mikutano na rasimu za awali, na mara nyingi makala moja huhesabiwa mara mbili. PubMed haina majarida yote, na jina likiandikwa kwa herufi tofauti za mwanzo, nusu ya kazi inapotea.

Anza na namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti mtandaoni, tarakimu 16 (ya mwisho huweza kuwa X). Ila kumbuka ukurasa ule mwenyewe ndiye anayeujaza, kwa hiyo ni mahali pa kuanzia, si ushahidi. Kisha tafuta PubMed kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo, ukiongeza neno la fani. Kuchuja kwa jina la hospitali kuna mtego: kabla ya 2014 PubMed iliweka taasisi ya mwandishi wa kwanza tu, hivyo makala za zamani alizokuwa wa tatu au wa nne hazitatokea. Majina kamili nayo yalianza kuingizwa 2002.

Ukishapata orodha, tenganisha kwa mkono: utafiti wenye data, mapitio, ripoti za mgonjwa mmoja, tahariri, barua kwa mhariri. Kwa 180, ni kazi ya nusu siku. Ifanye tu, maana hapo ndipo tofauti kubwa hujieleza.

mtakwimu
Naongezea nafasi ya jina. Kwenye tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi na kuandika, wa mwisho ndiye msimamizi. Anayetaka kusimamia wengine lazima uone makala alizo mwandishi wa mwisho zikiongezeka kadiri miaka inavyosogea. Akiwa katikati kila mahali, muulize alifanya nini hasa. Majarida mengi huchapisha mchango wa kila mwandishi mwishoni mwa makala.

Angalia pia tafiti za vikundi. Upasuaji una vikundi vikubwa sana: makala moja ya CovidSurg (kikundi cha kimataifa cha utafiti wa upasuaji wakati wa COVID-19) ya 2021 ilikuwa na waandishi zaidi ya 15,000. Kukusanya data za wagonjwa wa hospitali yako ni kazi halali na inastahili heshima, lakini haimfanyi mtu kuwa kiongozi wa utafiti. Baadhi ya kanzidata humhesabia nukuu zote, na faharasa ya h (h ni idadi ya makala zake zilizonukuliwa angalau mara h kila moja) inapanda. Itafute upya bila makala hizo.

mjumbe_wa_jopo
Asanteni. Na ubora wa zile zenye data?

mtakwimu
Hapa ndipo pa kukaa. Fungua tano alizo wa kwanza au wa mwisho, usome sehemu ya mbinu.

Nyingi zitakuwa za kupekua mafaili ya zamani. Uliza nani alichaguliwa kwa upasuaji upi. Mwenye uvimbe mdogo hupasuliwa kwa matundu madogo, mwenye mkubwa hufunguliwa tumbo, halafu njia ya kwanza inaonekana bora. Kwenye saratani ya mlango wa kizazi, tafiti za namna hiyo kwa miaka zilionyesha njia zote mbili ni sawa. Jaribio la nasibu (wagonjwa hupangiwa njia kwa bahati nasibu) liitwalo LACC, 2018, wagonjwa 631, likapindua: baada ya miaka 4.5, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa 86.0% kwa matundu madogo na 96.5% kwa kufunguliwa.

Kosa jingine ni muda. Aliyepata usaha kwenye kidonda huchelewa kemo au haipati kabisa. Ukilinganisha waliopata na wasiopata kuanzia siku ya upasuaji, kundi la kemo tayari limevuka wiki za hatari likiwa hai. Mtafiti makini huanza kuhesabu baadaye, na husema wazi kwenye mbinu.

Angalia vifo vimehesabiwa hadi siku ya 30 au ya 90; kwa upasuaji mkubwa wa ini au kongosho, 30 huficha mengi. Matatizo yawe yamepangwa kwa madaraja ya Clavien-Dindo (kipimo cha uzito wa matatizo baada ya upasuaji), si neno “madogo” tu.

mkutubi_tiba
Kwa majaribio, chukua namba ya usajili (kwenye ClinicalTrials.gov ni NCT na tarakimu 8), ufungue historia ya mabadiliko. Tarehe ya usajili iwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kipimo kikuu kikiwa “kuishi” kwenye usajili na “siku za kulazwa” kwenye makala, andika swali hilo kwa ajili ya usaili.

Mwisho pitisha jina kwenye kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa; ni bure. Makala ikiwa imebatilishwa, soma tangazo lenyewe kabla ya kuhukumu: anayeomba ibatilishwe kwa sababu ya kosa la hesabu aliloligundua mwenyewe hayuko sawa na aliyekamatwa na picha za kughushi.