Shingo na mabega kwa sisi tunaoshona kofia za mkono: nikandwe, nijinyooshe, au?

MshonaViua (Unguja)

Assalaam alaykum jamani.

Miye nashona kofia za mkono, zile za viua. Kwa asiyeijua kazi hii: bafta nyeupe inachorwa maua kwa penseli, kisha kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kikaze, na vitundu kwenye kofia moja havina idadi. Ukiikazania, kofia inakwisha kwa wiki kadhaa; ukiwa na nyumba ya kuangalia, ni miezi. Tunashona tumekaa mkekani, miguu imenyooshwa, kofia mapajani, kichwa kimeinama. Mama alikaa hivyo, nami nakaa hivyo hivyo.

Maumivu yanaanzia kwenye ukosi, yanateremka mpaka bapa la bega la kulia. Ikifika magharibi kisogo kinanigonga. Usiku naamka mkono wa kulia umekufa ganzi, nautikisa weee mpaka uhai urudi. Na tangu nilipopokea oda ya kofia za arusi za kupelekwa Maskati ndiyo imezidi. Mwenye oda hapitishi siku bila kunipigia simu, na kila simu ikilia mabega yananipanda. Mume wangu anasema nasaga meno usingizini.

Panadoli nimekunywa, haikusaidia. Nikahamia diklofenaki ya duka la dawa. Inatuliza, ila tumbo linawaka moto. Mtaani kwetu kuna bibi mkandaji. Akinichua kwa mafuta ya nazi usiku ule nalala fofofo. Kesho yake nashika sindano, jioni yamerudi yote. Wifi yangu wa Dar anataka nifanye yoga. Mwanangu kanionyesha kwenye simu wazee wa Kichina wanapunga mikono polepole bustanini, ati ndiyo dawa. Shoga yangu yeye hana maneno mengi: nikapigwe chuku, yaani niumikwe nitolewe damu.

Sasa naomba mniambie. Kukandwa kunatibu, au ni raha ya usiku mmoja? Na hayo mazoezi ya polepole, mtu wa miaka 47 asiyewahi hata kuvaa raba za michezo anaanzia wapi? Kuacha kushona msinambie. Ndiyo ada ya skuli hiyo.

FizioTanga

Wa alaykum salaam dada. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hospitalini; mafundi wa sindano na cherehani ndio wateja wetu wa kila wiki, kwa hiyo hali yako naielewa vizuri.

Kwanza nijibu hili: ganzi ya usiku inashika vidole gani? Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, basi kuna neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na hata ukikandwa shingo mwaka mzima ganzi haitaondoka. Ikiwa ni kidole cha mwisho, tutatazama kiwiko au shingo. Usikisie, subiri usiku uangalie.

Kuhusu kukandwa, usimdharau bibi yako. Mkono ukigandamiza msuli taratibu, pumzi inashuka, msuli unalegea, na mtu mwenye wasiwasi anapata usingizi, ambao wenyewe ni tiba. Tatizo ni kwamba mkono wa mkandaji hauupi msuli wako nguvu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Ukikiinamisha, mzigo unaobebwa na misuli ya ukosi unaongezeka mara kadhaa, na wewe unaubeba kutwa. Kesho ukikaa vilevile, utaumia vilevile. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Najua wewe unalalamikia shingo, lakini hoja zake zinatufaa: mazoezi yamo, kumwelewesha mgonjwa kumo, kukandwa na tiba za mikono zimo. Mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta uti wa mgongo walishauri zisitumike kama tiba ya kawaida. Nalitaja hilo makusudi kwa sababu mikanda hiyo inatembezwa mpaka kwenye vituo vya mabasi, na watu wananunua.

Raba huhitaji, na mkeka unao. Kaa umeegemea ukuta, rudisha kidevu nyuma bila kukiinua, mpaka uone kisogo kinatafuta ukuta. Hesabu mpaka tano, achia. Rudia mara kumi. Halafu yavute mabapa ya mabega yakaribiane kwa nyuma, hesabu tano, achia. Malizia kwa pumzi: vuta kwa pua taratibu, toa taratibu zaidi, yaani kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika chache tu, ila mara nyingi kwa siku. Zoezi la nusu saa utakalolifanya Jumamosi peke yake halitakusaidia kitu.

Diklofenaki iache mpaka umuone daktari. Tumbo linalowaka ni onyo, na dawa hiyo inaumiza figo pia na kupandisha presha.

Na usiende kwa mkandaji wala kufanya zoezi lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona mkono au mguu unakosa nguvu, mwendo unayumba, au haja inakutoka bila kujua. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda nayo yanataka vipimo, maana kifua kikuu huwa kinaingia mpaka kwenye pingili za uti wa mgongo.

KijanaTemeke

Pole sana mama. Mimi nikichoka naenda kwa kinyozi wangu, akimaliza ndevu ananishika kidevu na kisogo, anakata shingo kushoto kwaa, kulia kwaa. Unatoka mwepesi. Kwa nini mnazunguka sana?

FizioTanga

Ndugu yangu, mlio ule si mfupa kurudi mahali pake, ni gesi kwenye maungio. Na humo shingoni, ndani ya pingili zenyewe, inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Kuipindua kwa ghafla kunaweza kuichana kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini kinyozi hakukuuliza kama una presha, na wala hajasomea. Mwambie aishie kwenye ndevu.

BiMkandaji (Pemba)

Mwanangu MshonaViua, salamu.

Miye nakanda tangu bibi yangu yuko hai. Nakanda wazazi siku zao za arubaini, nakanda wavuvi, nakanda na walimu siku hizi kwa sababu ya hizo kompyuta. Huyo daktari wa Tanga kasema kweli, ila na mie nina la kuongeza kuhusu mkono.

Watu wanadhani mkandaji mzuri ni yule anayekuliza. Sivyo. Msuli ukiumizwa unajikaza, unakupinga. Mie naanza na maji ya moto, kitambaa kimekamuliwa, nakiweka ukosini mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo na mtu aache kuongea. Hapo ndipo napaka mafuta. Sianzii panapouma, naanzia kiganjani, napanda na mkono, kwenye kiwiko, kwenye bega, shingo naifikia mwisho. Wewe ni mshonaji, kazi yote iko kwenye gumba na kigasha, sasa huyo bibi yako akikuchua shingo tu kakuacha nusu. Mwambie akukande pale chini ya gumba, kwenye nyama, na huku ndani ya kigasha. Utashangaa.

Kuna watu siwakandi nao. Mwenye homa. Mwenye mguu mmoja uliovimba, una moto na unauma nyuma kwenye shavu, huyo namwambia hospitali, sitaki kugusa, damu ikiganda humo ukaisukuma imekwenda kwenye mapafu. Mwenye mfupa uliovunjika au anayedhaniwa kavunjika. Mja mzito simgusi tumbo, anavyonisihi atakavyo.

Chuku sikukatazi, wazee wetu wameumika na wamepona. Lakini muulize anayepiga: wembe mpya? Vikombe kavichemsha? Akikukunjia uso, ondoka.

Na kuhusu kazi yenyewe, mama yangu mdogo alikuwa akishona kofia kama wewe. Kila uzi ukimkatikia hatungi mwengine papo hapo. Anasimama, anakwenda mpaka uani, anawarushia kuku punje mbili tatu, anarudi. Sisi tukimwona mvivu.

MshonaViua

Nimesoma mpaka nikacheka, hiyo ya kuku imeniingia. Uzi unakatika mara nyingi kweli, wala saa sihitaji.

Daktari, nimeangalia usiku. Ni gumba, shahada na cha kati. Cha mwisho kizima kabisa.

Yoga wifi yangu anaisifu, lakini mie moyo wangu haukunjuki, naona ina mambo ya dini ya wenyewe. Asikasirike mtu.

MstaafuKizingo (Mombasa)

Hukasirishi mtu bibiye, ni haki yako. Wako wanaojinyoosha na kuvuta pumzi tu, lakini kama nafsi haitulii hutapumzika, na kupumzika ndiko unakokutafuta.

Basi ngoja nikutetee wale wazee wa Kichina. Ile ni taichi. Asili yake ni mapigano ya mikono, yalianzia kijiji cha Chenjiagou katika jimbo la Henan karne ya 17, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Mimi nilikuwa karani bandarini, mgongo umeharibika kwa viti. Nilipostaafu nikaanza na rafiki yangu mmoja alfajiri baada ya sala, pale upande wa baharini. Vijana walitucheka: wazee wanafukuza nzi. Raha yake ni kuwa huchoki wala hutoki jasho la kukuaibisha, na akili inashughulika na mguu upi ubebe uzito hata madeni unayasahau. Buibui halikuzuii, mwendo wenyewe ni wa polepole.

Ila nisikudanganye. Kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2016, watu wenye maumivu sugu ya shingo walifanya taichi wiki 12. Walipata nafuu kuliko waliokaa kusubiri, lakini hawakuwazidi waliofanya mazoezi ya kawaida ya shingo. Kwa hiyo fanya lile utakalolipenda, maana lile usilolipenda utaliacha kabla ya mwezi kuandama.

FizioTanga

Nakubaliana na mzee wa Kizingo.

Dada, vidole ulivyotaja ni vya neva ya kifundo cha mkono. Tafuta banzi la kuvaa usiku, lile linaloshika kifundo kikae kimenyooka, kwa sababu usingizini tunakikunja bila kujua na neva inabanwa zaidi. Livae usiku tu, mchana mkono ufanye kazi. Jaribu kwa wiki sita hivi. Zikipita hali ni ileile, au ukiona ile nyama ya chini ya gumba aliyoitaja BiMkandaji inasinyaa, au unaangusha sindano ovyo, usiendelee kusubiri, kuna sindano ya kutibu uvimbe na kuna upasuaji mdogo.

Na nina swali ambalo nilipaswa kuanza nalo kwa mtu wa umri wako: kitundu cha kiua unakiona vizuri ukiwa umekaa wima?

MshonaViua

Hapana. Nakisogelea. Usiku ndiyo kabisa, kofia iko puani.

FizioTanga

Basi shingo yako inafuata macho. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi ya jicho inakakamaa, vya karibu vinafifia, na ni kwa kila mtu. Nenda kapime, miwani ya kusomea haina bei kubwa. Ukishaipata weka mto mapajani, kofia juu ya mto, na taa itokee begani upande wa kushoto ikiwa unashona kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Mgongo uwe na ukuta. Usipoinua kofia utaendelea kuinamisha kichwa, na BiMkandaji atakula pesa yako bure.

BiMkandaji (Pemba)

Wacha nile, nami nina wajukuu!

MshonaViua

Nitakwenda kupima wiki hii inshallah. Bi, na mafuta ya karafuu? Shoga yangu kaniletea kichupa, kali hiyo hata kifuniko kinanuka chumba kizima. Nipake hivyo hivyo?

BiMkandaji (Pemba)

Usithubutu, itakuchubua. Chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo, kijaze mafuta ya nazi, tia matone matatu au manne ya karafuu, si zaidi. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ngoja mpaka kesho uone kama ngozi imekubali. Na ukishapaka nawa mikono kwa sabuni, usije ukashika bafta nyeupe ya watu na mafuta.