Milioni 2 ya mashine ya kuchorea ramani: ZBook iliyotumika, laptopu ya gemu au Z440 ya mezani? Na bekapu mnafanyaje?

KalamuYaMbagala

Wakuu, habari za jioni. Mimi mchora ramani za nyumba, nipo Mbagala. Kazi yangu kubwa ni kwenye programu za kuchorea: ArchiCAD, SketchUp mara mojamoja, na Lumion pale mteja anapotaka kuiona nyumba imeshapakwa rangi kabla hajachimba msingi. Laptopu niliyonayo ni i5 ya kizazi cha 6, RAM 8GB, diski ile ya kuzunguka. Nikifungua ghorofa moja tu kwenye 3D, nabandika chai, nainywa, narudi, bado inawaza.

Mfukoni nina milioni 2. Nimezurura Kariakoo siku 2, nimebaki na hizi:

A – HP ZBook 15 G5 iliyotumika, i7-8850H, RAM 16GB, SSD 512GB, kadi ya picha Quadro P1000 ya 4GB. Wanataka 1,550,000.

B – Laptopu ya gemu, i5-12500H, RAM 8GB, SSD 512GB, RTX 3050 ya 4GB. Wanataka 1,950,000, na hapo RAM sijaongeza.

C – HP Z440 ya mezani, Xeon E5-1650 v4, RAM 32GB, Quadro K2200 ya 4GB, na kioo cha inchi 24. Wanataka 1,300,000.

La pili ni bekapu. Nilinunua flashi barabarani, imeandikwa 1TB, nikahamishia ramani za wateja 6 kisha nikazifuta kwenye laptopu ili nipate nafasi. Leo naifungua, majina ya mafaili yapo, ndani hamna kitu. Nimechoka hata kulia.

Fundi_Kipozeo

Pole mkuu. Nianze na mashine, suala la flashi wapo wanaolijua zaidi yangu.

Kuna kazi 2 hapo ambazo watu huzichanganya. Kuchora kwenyewe (kuvuta ukuta, kupachika dirisha, kukata sekisheni) kunategemea zaidi kasi ya kori moja ya prosesa (kori ni kama ubongo mmojammoja ndani yake), halafu RAM, halafu SSD. Ndiyo maana mtu ananunua prosesa yenye kori lukuki na SketchUp inabaki vilevile. Kurenda, yaani kuigeuza 3D kuwa picha ya nyumba iliyokamilika, ni habari nyingine. CineRender ya ndani ya ArchiCAD za matoleo ya zamani inabebesha kori zote za prosesa, wakati Lumion, Enscape na D5 zinaegemea kadi ya picha.

Kwa kuchora, prosesa ya B ndiyo kali kuliko zote, A inafuata, C inashika mkia. Usidanganywe na neno Xeon, ile v4 ni ya mwaka 2016. Lakini RAM 8GB kwenye B ni kichekesho. Windows ikishakula, kivinjari kikala, WhatsApp ikala, ArchiCAD inaachiwa makombo. RAM ikijaa mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo prosesa ya kizazi cha 12 inatembea kama kobe. A ina nafasi 4 za RAM na unaweza kupachika diski ya pili, kwa hiyo itakua na wewe.

Halafu kuna Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika Windows 11 inaanzia kwa kiasi kikubwa kizazi cha 8. A imepita mlangoni, C imebaki nje. Najua watu wanaipenyeza kwa njia za panya, hata mimi nimeshapenyeza, ila kwa mashine ya kazi ya wateja sikushauri.

dogo_render

Chukua B mkuu, acha kuzunguka. RTX ni RTX. P1000 ni Pascal, kizazi cha zamani, haina kori za kukokotoa miale ya mwanga. Mwenzangu ana Quadro kama hiyo, akibonyeza kurenda anaenda kulala. Mimi naangalia tu inavyomaliza.

Fundi_Kipozeo

Dogo, kwa kasi hujakosea, 3050 inaiacha P1000 mbali. Lakini angalia tena orodha: kadi zote 3 ni 4GB. Lumion haianguki kwa sababu kadi ni ya polepole. Inaanguka pale miti, nyasi na magari yanapojaza kumbukumbu ya kadi. Ukipanda michongoma kuzunguka kiwanja chote na kuegesha magari 3 barazani, 4GB zinaisha kwenye RTX kama zinavyoisha kwenye Quadro. Kadi ya haraka itafika ukutani mapema zaidi, basi.

Mswahili_wa_Likoni

Bwana Kalamu, C msiitupe. Mimi niko Likoni na ninafanyia kazi Z440 kama hiyo. Nilitoa kadi ya zamani nikatia RTX 3060 ya 12GB, na sasa Lumion haijanipigia kelele. Kutia kadi kwenye laptopu huwezi, ile uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Ukifuata njia hii, kagua mapema nyaya za umeme zinazokwenda kwenye kadi, huenda ukahitaji adapta.

La pili ni joto. Huku pwani Januari laptopu ikishaanza kurenda inapata moto, na prosesa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Mashine ya mezani inapumua.

Ubaya wake mmoja, na sitauficha: stima ikipotea bila UPS (betri ya dharura), kazi uliyokuwa hujahifadhi imekwenda na maji. Kwa hivyo ukihesabu bei ya C, hesabu na UPS.

KalamuYaMbagala

Asanteni sana. Kaka wa Likoni umenitia majaribuni, ila mimi saiti naenda na mashine begani. Fundi akikwama kwenye ngazi ananipigia, nafungua 3D palepale juu ya tofali. Na kwangu umeme ukikatika jioni haujulikani utarudi saa ngapi. Kwa hiyo C naiweka pembeni kwa shingo upande.

Paka_Rangi

Samahani naingilia, MacBook Air M1 vipi? Naiona kwa bei hizohizo.

Fundi_Kipozeo

ArchiCAD inakwenda humo vizuri tu, na betri yake ni ya kusifiwa. Ila Lumion haipo kwa Mac, Revit (programu nyingine ya kuchorea ramani) haipo, na RAM ya 8GB imechomelewa, huongezi. Kwa Kalamu hapana.

MamaLenta

Mdogo wangu Kalamu, pole kwa flashi. Mimi nina miaka 14 kwenye kazi hii, na mashine yoyote kati ya hizo itakuchorea ramani. Tofauti ya A na B ni kikombe kizima cha chai au nusu kikombe. Swali lako la pili ndilo zito, na naona wanaume mmelipita mbio.

Wateja wetu hawajengi kwa mkupuo. Mtu anachorewa leo, mwakani anamwaga msingi. Ada za watoto zinaingia, anapumzika. Anapandisha ukuta, anafunga lenta, hapo nyumba inalala miaka 2 nyasi zikiota sebuleni. Kiinua mgongo kikitoka anapiga bati. Mwaka wa 6 simu inaita: "Mama, ile ramani, nataka niongeze chumba cha mgeni." Wakati huo umeshabadili laptopu mara 2 na ArchiCAD imepanda matoleo. Faili la mteja linatakiwa liishi kuliko mashine iliyolichora.

Kwa hiyo kazi ikiisha sihifadhi .pln (faili la kawaida la ArchiCAD) peke yake. Natengeneza .pla, ambayo inabeba ndani yake makochi, milango na picha za vigae ulivyotumia. Ukiwa na .pln tupu na maktaba imepotea, ukiifungua kwenye mashine nyingine unakuta vidoti mahali pa vitanda. Naweka PDF za karatasi zote, zile zilizogongwa mhuri wa halmashauri nazipiga skani, na naweka DWG (faili la AutoCAD). PDF itafunguka hata kwenye simu ya mjukuu wangu. Kumbuka pia kwamba ArchiCAD mpya inafungua kazi ya toleo la zamani, lakini ya zamani haifungui .pln ya toleo jipya, hivyo ukimtumia mwenzako muulize kwanza anatumia lipi.

Jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Umeme uliwahi kukatika nikiwa katikati ya kuhifadhi, faili likagoma kufunguka kabisa. Pembeni yake kulikuwa na .bpn, nakala ya akiba ambayo ArchiCAD huitengeneza yenyewe. Nikalinakili, nikabadili jina kuwa .pln, likafunguka likiwa na kazi yote isipokuwa ya mwisho mwisho. AutoCAD nayo ina .bak, unaigeuza kuwa .dwg. SketchUp nayo ina ya kwake, kwenye matoleo ya zamani ni .skb. Hakikisha kwenye mipangilio kwamba kutengeneza nakala hizo hakujazimwa. Ila hizo zinakaa folda moja na faili lenyewe. Mwizi akibeba laptopu kabeba vyote.

Mtunza_Faili

Kalamu, kabla ya yote: hiyo laptopu ya zamani bado unaitumia? Kama ndiyo, IZIME SASA HIVI. Umesema ni diski ya kuzunguka. Kwenye diski hiyo faili lililofutwa linabaki hadi jingine liandikwe juu yake. Toa diski, iunganishe kwenye mashine nyingine kwa kebo ya USB, pitisha Recuva (programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa), na unachokipata kihifadhi kwenye diski TOFAUTI. Ingekuwa SSD ningekupa pole tu, kwa sababu SSD nyingi zinapokea amri ya TRIM na kufagia palipofutwa. Kila mtu anashangilia SSD, hilo haambiwi.

Flashi yako ni ya bandia. Ndani huenda ni 32GB, imefundishwa kujitambulisha kama 1TB. Ukishavuka ukubwa wake wa kweli inaendelea kupokea mafaili kwa adabu zote na kuyatupa. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw: inajaza flashi nzima kisha inasoma ilichoandika. Flashi yoyote mpya ipitishe humo kabla hujaiamini.

Sasa ulinganisho, kwa ninavyoona mimi. Flashi ni ya kubebea kazi kwenda kuprinti, si ghala. Diski ya nje ya kuzunguka ndiyo inayokupa nafasi kubwa kwa pesa ndogo, ni ya polepole na ikianguka imekufa, lakini kwa bekapu ya usiku inatosha kabisa. SSD ya nje ni ya haraka na inavumilia kuanguka, ila usiisahau kabatini miaka bila umeme. Mtandaoni, Google Drive inakupa 15GB za bure, OneDrive 5GB, Dropbox 2GB.

Mtandaoni kuna mitego 2. Wa kwanza ni bando na muda. Folda ya kazi ya 2GB, kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 4 isiyoyumba, ni zaidi ya saa 1, na kasi gani hapa mjini isiyoyumba? Kwa hiyo pandisha .pla na PDF, picha za Lumion ziache kwenye diski. Wa pili ni kwamba folda inayojisawazisha si bekapu. Ukifuta huku inafuta na kule. Kirusi kikikufungia mafaili, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda mtandaoni. Google Drive inaweka vilivyofutwa kwenye pipa siku 30, baada ya hapo kwaheri. Na usichore moja kwa moja ndani ya folda hiyo, chora kwenye diski ya ndani kisha nakili. Angalia pia Windows 11 isikuhamishie Desktop yako kimyakimya kwenda OneDrive, 5GB zinajaa kwa kazi chache tu.

Utaratibu wangu: diski 2 za nje. Moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu Temeke, Jumapili nikienda kula pilau nazibadilishana. Nakala ya 3 ipo mtandaoni. Kunakili natumia programu ya FreeFileSync. Robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows, nayo nzuri, ila kabla ya kuandika /MIR soma mara 2 ipi ni chanzo, maana inafuta kule kila kisichokuwepo huku. Niligeuza siku moja nikaelekeza folda tupu kwenye folda iliyojaa. Sitaki kuongea zaidi.

dogo_render

Daah, /MIR 😂 pole bro. Nimezima laptopu nimeenda kutafuta diski.

KalamuYaMbagala

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki 2 zimepita.

Nimechukua A kwa 1,450,000. Kabla ya kulipa nilipitisha CrystalDiskInfo kuona afya ya SSD, nikaipa kazi ya kurenda nusu saa dukani nikisikiliza feni, muuzaji akanuna lakini akavumilia. Iliyobaki imekwenda kwenye RAM 16GB nyingine na diski 2 za nje. Lumion bado nabana miti, nyasi naweka mbele tu pale kamera inapoona. Ghorofa ileile iliyokuwa inanipa muda wa chai sasa inafunguka nikiwa nimekaa.

Recuva imerudisha kazi 4 kati ya 6, zinafunguka. Wa 5 nilikuta PDF zake kwenye WhatsApp, nazichora upya kwa kuangalia. Wa 6 hana PDF, karatasi zake zililiwa na mchwa, na nyumba ipo kwenye lenta. Kesho naenda saiti na tepu, napima ukuta uliojengwa ndio uniambie ramani ilikuwaje.

MamaLenta

Pima na mishazari ya kila chumba, siyo kuta peke yake. Na usishangae chumba cha mita 4 kikikusomea 3.80.