Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: nikague nini kabla ya kulipa?

Mgeni wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tumeonyeshwa nyumba ya ghorofa mbili Mkunazini, Zanzibar, na hii ndiyo mara yetu ya kwanza kununua nyumba. Chini kuta zimepigwa lipu mpya ya saruji hadi kimo cha kiuno na kupakwa rangi nyeupe, lakini chumba kimoja cha juu kinanuka uvundo na sakafu yake inatikisika mtu akipita. Dalali anasema ni kazi ya fundi ya siku tatu. Naomba kujua nikague nini, na tukishanunua tuanzie wapi, maana fedha za kutengeneza kila kitu kwa mkupuo hatuna.

Fundi Chokaa
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mimi ingenitia wasiwasi hiyo lipu mpya kuliko sakafu. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, aghalabu kwa unene wa nusu mita au zaidi, nazo hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani kupitia chokaa hiyo hiyo. Ukizifunga kwa saruji, maji hayana pa kutokea ila kupanda juu, na chumvi yake huganda ndani ya ukuta na kulimung'unya jiwe polepole. Gonga kwa kidole: ukisikia mlio wa uwazi, lipu imekwisha kuachana na ukuta.

Sakafu imebebwa na boriti za mikoko, ambazo huoza kwanza pale kichwa kilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Chukua bisibisi ndefu, uchome kila boriti karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hiyo imekwisha. Habari njema ni kwamba boriti hubadilishwa moja moja. Atakayekushauri umwage zege badala yake usimsikilize, kwa sababu ukuta haukujengwa kubeba uzito huo, na nondo hushika kutu mapema kwa hewa ya bahari.

Bi Mkubwa wa Kiponda
Mwanangu, fundi amekueleza ukuta, nami nikueleze karatasi. Nyumba nyingi huku zimerithiwa mara mbili tatu bila kugawanywa, na aliyeshika funguo huenda ni mmoja tu kati ya warithi kumi, wengine wakiwa Muscat au Uingereza. Dai hati ya mirathi na saini za wote. Nyingine ni za wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi, kwa hiyo ulizia Kamisheni ya Wakfu kabla hujatoa hata arubuni. Kisha uende Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na huwezi kubadilisha hata dirisha bila kibali.

Mgeni wa Mkunazini
Ahsanteni sana. Nimechoma boriti kumi na moja za chumba kile, na tatu zimezama. Juu yake kuna bomba la choo linalovuja. Dalali ameanza kununa.

Fundi Chokaa
Basi uvundo umeshaujua. Anza na maji, kutoka juu kwenda chini: bati, mifereji ya mvua, kisha bomba hilo. Boriti zifuate, lakini toa moja, weka moja, huku sakafu imetegemezwa, kwa kuwa boriti ndizo zinazozishika kuta zisiachane. Hata Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani hapa mjini, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo. Saruji ibandue, uuache ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo upige lipu ya chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa, tabaka jembamba baada ya jingine. Rangi ya plastiki usiipake, utakuwa umeufunga tena. Vigae na jiko ni vya mwisho kabisa, hata kama mama wa nyumba atanung'unika.

Bi Mkubwa wa Kiponda
Na gharama ya boriti na bomba ikatwe kwenye bei, mwanangu. Saini je?

Mgeni wa Mkunazini
Warithi ni saba, Bi Mkubwa, na waliotia saini ni watano. Nimemwambia dalali sitoi arubuni hadi wawili waliobaki wapatikane.