Saundi efekti za bure zisizoleta shida: tupeane uzoefu

Fundi wa Umoja: Wadau habari zenu, kila mtu aseme yaliyompata, mimi naanza. Natengeneza hadithi za watoto za kusikiliza, naeditia kwa nyumba. Nilihitaji mvua, nikaitoa kwa video moja imeandikwa kabisa ni ya bure, hadithi ikapendwa, wiki ya tatu naletewa klemu, yaani dai la hakimiliki, eti ile mvua ina mwenyewe na pesa ya matangazo inaenda kwake. Iliniuma sana, sauti yangu, hadithi yangu, halafu sekunde 40 za mvua zinabeba kila kitu. Siku hizi naenda Freesound, tovuti ya saundi za bure, ilianzishwa 2005 na watu wa chuo cha Pompeu Fabra kule Barcelona, unajisajili tu. Lakini jamani kila faili ina leseni yake ya Creative Commons (CC), soma kabla hujadaunlodi: CC0 tumia utakavyo, Attribution lazima umtaje aliyerekodi, NonCommercial usiiguse kama kuna pesa mahali.

Dada wa Rongai: Hiyo NonCommercial ndio ilinipata mimi. Tangazo la duka la hadiwea, nyundo inagonga msumari, tamu kabisa, mteja ashalipa na asubuhi linaenda redioni. Usiku nikiandika majina ya kutaja ndio naona leseni. Saa saba usiku nikaomba keateka nyundo, nikagonga msumari kwa ubao, simu nimeifunika blanketi isishike mwangwi, jirani naye anagonga ukuta. Ikatoka vizuri kuliko ile ya kwanza.

Mwalimu wa Kayole: Sisi wa shule tuna nafuu kidogo. BBC wameweka mtandaoni zaidi ya saundi 33,000, ruhusa ni matumizi binafsi, masomo na utafiti, kwa hivyo mchezo wa darasa tulitoa huko treni na ndege wa msituni. Shida ikaja wazazi walipotaka tuuze rekodi kuchangia basi. Nikakataa, tukakaa na watoto jioni mbili tukabadilisha kila sauti, treni ndiyo ilitutoa jasho.

Kijana wa Kawangware: Hata ukirekodi mwenyewe chunga. Nilisimama barabara ya Tom Mboya nikitaka makanga na honi, nikapata safi, kumbe nyuma kuna matatu inapiga wimbo na wimbo una mwenyewe. Nilipopakia, mashine ya kukagua hakimiliki ikautambua chini ya kelele zote hizo. Sasa naenda stejini alfajiri kabla hawajawasha muziki.

Fundi wa Umoja: Hiyo ya wimbo sikuwa nimeiwaza kabisa, asante kaka. Dada, majina unayaandikaje?

Dada wa Rongai: Jina la sauti, aliyerekodi, linki, leseni, yote kwa maelezo chini ya video. Na piga skrinshoti ya ukurasa siku hiyo hiyo! Nishawahi kurudi nikapata mwenyewe ameitoa. Leseni za CC ukishapewa hazirudishwi nyuma, lakini bila ushahidi utaonyesha nini?

Fundi wa Umoja: Nimeshika. Mvua nayo nilirekodi upya Aprili hapa hapa chini ya mabati, maana zile nyingi nilizopata zinaangukia majani, na mtoto wa huku anataka ile inayokufanya upaze sauti ndio usikike. Nimeipakia CC0, dakika nne, kuna mbwa anabweka karibu na mwisho. Chukueni.