Nimejinyima mwaka mzima, halafu mtu anakuja kupiga tairi langu jipya kwa kiatu na kucheka!

Wakuu, leo sina salamu. Nimeshuka kwenye gari sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, yule wa spoila, lile bawa la nyuma ya gari. Sina haja ya kumtaja.

Mwaka mzima nimejibana. Nimenunua matairi manne mapya, pedi za breki, shokapu za nyuma na bushi. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama oili chafu, nikayamwaga yote nikaweka DOT 4 mpya. Bajeti ikaishia hapo.

Leo naegesha, huyo akaja. Akalizunguka gari mara mbili. "Umefanya nini sasa?" Nikamweleza vizuri tu, kwa heshima. Akanyanyua mguu, akaligonga tairi langu kwa ncha ya kiatu, tu, tu, akawageukia watu: "Yaani hela yote ameificha uvunguni!"

Uvunguni! Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jamani, kinachogusa barabara ni matairi tu, kila moja kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka kwenye mteremko mrefu unakanyaga pedali inazama kama godoro. Huko uvunguni ndiko roho yangu iliko!

Na yeye? Springi kazikata kwa grenda, akivuka tuta abiria wanajing'ata ulimi. Katoa sailensa, gari linanguruma kama trekta na baiskeli zinampita. Spoila yake unaweza kuanika nguo za ukoo mzima, na gari lenyewe linavutwa na magurudumu ya mbele, wakati spoila hukandamiza ya nyuma! Rimu inchi 18, matairi vipara.

Huyo ndiye aliyelipiga tairi langu. Kwa kiatu. Kiatu chenye tope! Alama bado ipo, nimeitazama mara kumi.

Mzee wa Grisi: Namjua. Alikuja kwangu analia gari linagonga chini, nikamwambia rudisha springi nzima, akasema nina wivu.

Kona Kali: Mkuu, uzi mzima kwa sababu ya alama ya tope? Chukua kitambaa ufute.

Mleta uzi: Hujaelewa. Angepiga mlango ningenyamaza. Kapiga TAIRI.

Gia ya Tatu: 😂😂 Uvunguni! Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Samahani mkuu, ila jamaa ana maneno.

Dereva wa Usiku: Afadhali huyo wa spoila. Mimi nawachukia wanaochomeka balbu za zenoni kwenye taa zilizotengenezwa kwa halojeni. Mwanga unatawanyika hovyo, jana nimepishana na mmoja nikaendesha kwa kukisia mpaka njia iliporudi.

Kona Kali: Halojeni zangu zilikuwa hazionyeshi hata shimo. Ulitaka nifanye nini?

Dereva wa Usiku: Kumbe ni wewe!

Mzee wa Grisi: Kabla ya balbu angalia vioo vya taa, vile vya plastiki. Vikishakuwa vya njano, hata uweke jua haitasaidia. Vipigwe msasa laini wa maji, halafu polishi. Na upime waya wa earth, ule unaorudisha umeme kwenye bodi.

Kona Kali: Msasa namba ngapi mzee?

Mzee wa Grisi: Anza 800, nenda 1500, malizia 2000. Usisahau kupaka dawa ya taa ya kukinga miale ya jua juu yake, la sivyo njano itarudi haraka.

Mleta uzi: Samahani, tulikuwa kwenye suala la kiatu.

Gia ya Tatu: Mzee, na taa za nyuma zinazoingiza maji je?