Majigambo si majivuno: redio imetutukania msiba

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Juma lililopita tulikuwa kwenye kilio huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, na mjomba wangu, Mluba wa Kasai ambaye babu yake aliletwa Katanga na kazi ya migodi, alisimama akatamka kasala, ushairi wa sifa wa Waluba: akamsifu marehemu na ukoo wake, kisha akajigamba, yaani akajitaja mwenyewe, yeye ni mtoto wa nani na amelelewa na kina nani, ili kila aliyehudhuria ajue ni mtu wa namna gani anayelia pale. Siku ya pili yake redio moja ya hapa Lubumbashi ikatangaza kwa Kiswahili kwamba “wazee walijivuna mbele ya maiti”.

Walijivuna! Nilipopiga simu, mtangazaji alinijibu kwa upole wa kuudhi kwamba kujigamba na kujivuna ni kitu kimoja, akanitupia na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni. Mjomba wangu hakuwa anauza kitu.

Anayejivuna hujiona bora na kuwadharau wengine, hata akiwa amenyamaza kimya, kwa kuwa majivuno hukaa moyoni na kuonekana katika mwendo. Kujigamba ni kusema: mtu hutaja matendo yake kwa kinywa chake, mara nyingi kwa kutia chumvi, na ndiyo maana walimu wa fasihi simulizi huyahesabu majigambo kuwa kipera kamili, yaani aina mahususi ya sanaa, chenye nafsi ya kwanza, sitiari na mpigo wake. Nakubali kwamba mitaani tukimwambia mtu “acha kujigamba” tunamkaripia, lakini karipio hilo halifuti sanaa, kama vile “acha hadithi zako” haijaua hadithi.

Tena kuna kujivunia, ambako wengi huku kwetu hukutumia ovyo. Irabu moja tu inageuza maana: ninajivunia mjomba wangu, yaani namwonea fahari, wala sijivuni kwa sababu yake. Mtu anayelipwa kusema Kiswahili hewani angepaswa kuijua irabu hiyo.

Nimeomba sahihisho la sentensi moja. Wameniambia nisubiri mkuu wa matangazo arudi kutoka safarini, na leo ni siku ya sita.