Mataifa ya nje yamechangia nini katika mgogoro wa Israeli na Wapalestina?

Swali: Ndugu zangu, kila mazungumzo ya amani yanapovunjika, lawama huwaangukia Waisraeli na Wapalestina pekee. Je, mataifa ya nje hayana sehemu yao?

Jibu la 1: Wanayo, tena kubwa. Isome barua ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ya tarehe 2 Novemba 1917: Uingereza iliahidi kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi nchini Palestina, ilhali Waarabu, waliokuwa wengi wa wakazi wake, hawakutajwa hata kwa jina, bali waliitwa jamii zisizo za Kiyahudi na kuahidiwa haki za kiraia na za kidini tu. Haki za kisiasa hazikuguswa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Jibu la 2: Nakubaliana nawe, mwenzangu, lakini tusiishie kwa Waingereza. Mwaka 2016 Marekani iliahidi kuipa Israeli msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10, na mara nyingi imetumia kura ya turufu kuikinga katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Iran nayo imewapa Hamas wa Palestina na Hezbollah wa Lebanon, makundi yanayopigana na Israeli, fedha na silaha.

Jibu la 3: Hata hivyo, usuluhishi wa Rais Carter wa Marekani huko Camp David, nchini mwake, mwaka 1978 ulizaa mkataba wa amani wa 1979 kati ya Israeli na Misri, na Misri ikarudishiwa rasi ya Sinai, iliyokuwa imetekwa na Israeli, kufikia 1982. Kinachoniuma ni kwamba Wapalestina, ambao mustakabali wao ulijadiliwa pale, hawakuwa na mwakilishi mezani.